Mnunuzi Asishike Mizani





Katika sura ya sita ya Injili ya Yohane kuna aya moja ambayo wengi wetu huipita upesi, kwa kuwa imebanwa kati ya muujiza wa mikate na ule wa kutembea juu ya maji. Ni aya ya 15. Umati ulikuwa umemfuata Bwana kwa sababu uliona jinsi alivyowaponya wagonjwa. Kisha akawalisha, wakashiba. Wakakata shauri kumshika kwa nguvu wamfanye mfalme. Naye alipolitambua jambo hilo, akaondoka akaenda mlimani peke yake.

Hebu tulitafakari hilo kwa lugha ya siku zetu. Hakuna mgombea wa kiti chochote, toka Shinyanga hadi Geita, aliyewahi kuwa na mtaji wa kura kama ule. Vipofu waliona, viwete walitembea, wenye njaa walikula. Kura zilikuwa tayari, tena bila kuombwa. Aliyeponya akakataa uponyaji wake usigeuzwe ngazi ya kupandia kitini. Na tunakumbuka pia alivyomwonya mkoma aliyetakaswa asimwambie mtu neno.

Naileta aya hiyo mbele yenu kwa sababu ya desturi inayozidi kukua katika nchi hii ya pamba, almasi na dhahabu: mwenye hospitali, mwenye zahanati au mwenye mlolongo wa maduka ya dawa anautaka ubunge, na daraja lake la kuuendea ni wagonjwa wake. Sisemi habari za mtu mmoja. Nasema habari za desturi, na mwenye masikio na asikie.

Deni lisiloandikwa daftarini

Tuanze na kweli ambayo haina budi kusemwa kwa haki. Watu hawa wengi wao wametutendea mema. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa hadi Mwakitolyo na Kakola, mtu hupondwa na mwamba ndani ya duara usiku wa manane, na gari la wagonjwa la serikali liko mbali. Kijana wa karasha hukohoa vumbi la mawe mwaka mzima kabla ya kupimwa kifua. Mama hushika zebaki kwa mikono mitupu katika mwalo, mtoto akiwa mgongoni. Mwaka 2015 huko Nyangarata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa ardhini wakiwa hai baada ya siku 41, na mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kufa humo humo chini. Hapa kwetu afya ndiyo mpaka kati ya kaya inayosimama na kaya inayoanguka.

Katika hali kama hiyo, mwenye hospitali anayesema, “Mtibuni kwanza, fedha mtalipa mkipata,” ametenda jambo jema. Mungu amlipe. Lakini tazama yanayofuata. Miaka mitatu baadaye mtu yule yule anachukua fomu ya kugombea, na deni lile ambalo halikuandikwa daftarini linaletwa mlangoni. Hailetwi hati ya madai. Linaletwa kwa tabasamu, na kwa mjumbe anayeuliza kwa upole, “Baba mwenye nyumba, mmemsahau aliyemwokoa mwanenu?” Mzee wa watu anainamisha kichwa. Anaona haya. Kura yake imekwisha kwenda kabla ya siku ya kupiga kura.

Hapo ndipo penye ubaya. Anayenunua kura kwa kanga na chumvi ananunua kwa vitu ambavyo mtu angeweza kuvikosa na bado akaishi. Anayenunua kwa matibabu ananunua kwa hofu ya kifo. Bei yake ni kubwa mno, na mnunuliwa hana pa kukimbilia, kwa maana kesho mtoto ataugua tena.

Milango miwili iliyofunguliwa mwaka 1991

Vijana wetu hudhani mambo yamekuwa hivi tangu zamani. La hasha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi wa shirika la kibepari, wala kupokea mishahara miwili, wala kupangisha nyumba. Mwaka 1977 ikaja sheria ya kusimamia hospitali binafsi, ambayo ilizuia tiba ya kutafuta faida. Hospitali zisizo za serikali zikaachwa mikononi mwa mashirika yaliyoidhinishwa, mengi yao yakiwa ya dini. Kwa hiyo, katika miaka ile, mbunge mwenye hospitali ya biashara alizuiwa mara mbili: hakuweza kuwa na hospitali, na kama angekuwa nayo asingeweza kuwa kiongozi.

Mwaka 1991 milango yote miwili ilifunguliwa. Halmashauri Kuu ya CCM, katika kile kilichokuja kuitwa Azimio la Zanzibar, iliilegeza miiko ya uongozi. Na mwaka huo huo sheria ya hospitali ilirekebishwa, madaktari wakaruhusiwa kufungua vituo vya binafsi kwa faida. Sina haja ya kulia kwamba tungerudi nyuma. Vituo vile vya binafsi vimeokoa maisha ya watu, na hospitali za serikali peke yake zisingetosha. Ila ninyi mnajua kwamba mwenye busara akifungua mlango wa boma huweka mlinzi. Sisi tulifungua milango miwili kwa mwaka mmoja, na mlinzi tuliyemweka ni mwenye usingizi.

Mlinzi huyo ni nani? Ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka mbunge kutoa tamko la mali na madeni yake. Zipo kanuni za Bunge, zinazomtaka mbunge mwenye maslahi ya fedha katika jambo aseme hivyo kabla ya kuchangia. Ipo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayokataza zawadi za kushawishi wapiga kura na wajumbe wa vyama. Kabla yake tulikuwa na aibu ya takrima: mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili kile kilichoitwa ukarimu wa kawaida wa mgombea kisihesabiwe kuwa rushwa, mpaka Mahakama Kuu ilipokitupilia mbali kifungu hicho mwezi Aprili 2006, katika kesi iliyofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu na mazingira, LHRC, LEAT na NOLA.

Sheria zipo, basi. Lakini sheria huona vizuri yale yanayotendeka karibu na uchaguzi. Kambi ya matibabu ya bure iliyofanyika miaka mitatu kabla nani ataithibitisha kuwa kampeni? Kwa sababu hiyo naandika sasa, wakati uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 uko nyuma yetu na ule wa 2030 uko mbali. Kampeni ya namna hii huanza mapema, wakati hakuna anayeiita kampeni.

Mizani ya pamba

Wazee wa Usukuma hawahitaji kufundishwa maana ya maslahi yanayogongana. Waliyajua kabla neno lenyewe halijatungwa. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima alipeleka pamba yake kwenye kituo cha ununuzi, na yule aliyenunua ndiye aliyeshika mizani. Mkulima alijua uzito wa mgongo wake mwenyewe. Mizani ilisema vingine. Hakuna aliyemshinda mnunuzi kwa maneno, maana ushahidi wote ulikuwa mkononi mwake.

Wazee wetu walifanya nini? Hawakukaa wakiomba Mungu awape mnunuzi mwema. Walidai mizani itoke mikononi mwa mnunuzi. Kutokana na madai hayo kilizaliwa chama cha wakulima, na mwaka 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambacho kilikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Yaliyoupata ushirika baadaye ni habari nyingine, na ni habari ya huzuni. Lakini fundisho la mwanzo halikufa: hata mnunuzi mwema asishike mizani. Wahenga wa Kiswahili walisema lile lile kwa mfano mwingine, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawakusema mwamba ngoma mwovu. Walisema kila mwamba ngoma.

Mizani mitatu mkononi mwa mmoja

Sasa tuulize: mwenye hospitali akiwa mbunge, anashika mizani ipi?

Ya kwanza iko Dodoma. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Leo hospitali nyingi za binafsi haziwezi kuishi bila malipo ya mfuko huo. Mnakumbuka Machi 2024, hospitali binafsi ziliposusa kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Wenye kadi walisimama mapokezi wakiwa na kadi ambayo ghafla haikuwa na thamani. Nani alipaswa kusimama Bungeni kuwatetea wenye kadi? Mbunge. Na kama mbunge huyo ni mmoja wa wenye hospitali zilizofunga mlango, atamtetea nani? Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na kazi ya kuitekeleza itachukua miaka: bei gani ilipwe kwa huduma ipi, nani apewe mkataba, nani akaguliwe. Katika kila swali la namna hiyo, muuzaji na mnunuzi wana maslahi yanayovutana. Hatuwezi kumpa muuzaji kura ya mnunuzi kisha tukashangaa bei imepanda.

Ya pili iko katika halmashauri yetu. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Katika Geita na Kahama baraza hilo hupanga matumizi ya fedha ambazo wilaya nyingine huziota tu: ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya migodi, na fedha ambazo kampuni za madini zinatakiwa kuzitoa kwa jamii zinazozizunguka. Baraza huamua zahanati ijengwe kijiji gani, kituo cha afya kipi kipandishwe hadhi, na wapi iwekwe mashine ya eksirei. Je, mwenye hospitali atapiga mkono kwa moyo mweupe ili kituo cha serikali chenye chumba cha upasuaji kijengwe mita mia tatu kutoka getini kwake?

Ya tatu ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo ni mbunge mwenyewe.

Na kuna mizani ya nne, isiyo na kiti wala sheria, nayo ndiyo inayoniumiza zaidi. Mnaijua vizuri. Mgonjwa anafika zahanati ya serikali, anapimwa, anaandikiwa dawa, kisha anaambiwa, “Dawa hakuna, nenda duka la ng'ambo ya barabara.” Bohari ya Dawa haijaleta, au imeleta pungufu. Kila siku ambayo kabati la serikali ni tupu ni siku ya mauzo kwa duka la ng'ambo. Mbunge wa kweli angepaswa kukesha akiuliza kwa nini kabati ni tupu. Mwenye duka analala vizuri likiwa tupu. Tukimfanya mwenye duka kuwa mbunge, tumemtaka mtu mmoja akeshe na alale usiku ule ule.

Waliotutangulia

Haya si mambo ya kufikirika. Kwa jirani zetu wa Kenya, Daktari Swarup Mishra, mzaliwa wa India, alianzisha hospitali za Mediheal mjini Eldoret, akajulikana kwa tiba na kwa ukarimu wake, na mwaka 2017 watu wa Kesses, katika kaunti ya Uasin Gishu, wakampeleka Bungeni. Huko akawa makamu mwenyekiti wa Kamati ya Afya. Mwaka 2022 wapiga kura walimpa kiti hicho mtu mwingine. Kisha, Aprili 2025, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kutoa taarifa juu ya upandikizaji wa figo, serikali ya Kenya ilisimamisha huduma hiyo katika hospitali za Mediheal ili kupisha uchunguzi, na Daktari Mishra akaondolewa kwa muda katika uenyekiti wa taasisi ya serikali ya chanjo. Yeye na hospitali yake wamekana kutenda kosa, nasi si mahakama. Sisemi kwamba ana hatia. Nasema jambo jepesi zaidi na zito zaidi: mwenye hospitali aliwekwa kuongoza kamati inayosimamia hospitali, na hakuna sheria iliyoona ajabu.

Nasi Watanzania tulikuwa na Stephen Ngonyani, aliyejulikana kwa jina la Profesa Maji Marefu, mganga wa tiba za asili aliyekuwa mbunge wa Korogwe Vijijini kuanzia mwaka 2010 hadi kifo chake Julai 2018. Mungu amrehemu. Watu wake walimpenda, na wengi walimcheka kwa sababu tu alikuwa mganga. Mimi simcheki. Naona kwamba hatukuwa na haki ya kumcheka mganga wa mitishamba huku tukimpigia makofi mganga wa koti jeupe, kama wote wawili wanakuja kwetu na dawa mkono mmoja na karatasi ya kura mkono wa pili.

Tena, kanda yetu hii inajua kwa damu tamaa inavyoweza kuichafua tiba. Tunayakumbuka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoiaibisha Shinyanga, Mwanza na Geita. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulionya kwamba hatari iliongezeka kadiri uchaguzi ulivyokaribia. Wenye hospitali hawafananishwi na wauaji wale hata kidogo, na atakayesoma hivyo amenisoma vibaya. Lakini mzizi mmoja tuuone: aliyeugua na aliyekata tamaa huamini, na penye imani ya namna hiyo, mwenye tamaa ya dhahabu na mwenye tamaa ya kiti hupata njia.

Hoja nne na majibu yake

Najua yatakayosemwa baada ya Misa, chini ya mwembe. Niyajibu hapa.

*Ya kwanza: “Daktari anajua shida za afya kuliko mwanasheria au mkulima.”* Kweli kabisa, na Bunge linahitaji madaktari. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuwa na duka ni kingine. Muuguzi aliyestaafu Kolandoto anajua shida za afya, wala hana hospitali. Mganga wa wilaya anazijua. Tukitaka ujuzi, tunaweza kuupata usiofungwa kwenye hesabu ya faida.

*Ya pili: “Huyu ni tajiri, hana haja ya kuiba.”* Hoja hii tumeisikia tangu vyama vingi vilipoanza, na kila baada ya miaka mitano inatuaibisha. Mwalimu Nyerere aliuliza mwaka 1995 juu ya waliokuwa wakitumia fedha nyingi kuitafuta Ikulu: fedha hizo watazirudishaje? Swali lake halikuhusu maskini. Lilihusu wenye fedha. Anayetumia mamilioni kuutafuta ubunge amewekeza, na mwekezaji hudai faida.

*Ya tatu: “Alimtibu mama yangu bure.”* Basi mshukuru. Mpelekee kuku, mpelekee mbuzi, msaidie kuvuna, muombee usiku na mchana. Shukrani ni mali yako, toa utakavyo. Lakini kura si mali yako peke yako. Kwa kura hiyo unaamua dawa za mama wa jirani yako, ambaye hakutibiwa bure. Mwalipa deni kwa mali ya mwenzake hajalipa deni, amelihamisha. Na Msamaria mwema, alipompa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, alikwenda zake. Majeruhi hakuambiwa hata jina lake.

*Ya nne: “Wote ni wale wale, na matokeo yanajulikana mapema.”* Hili ni chungu, na baada ya yale tuliyoyaona mwaka 2025, katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, na damu iliyomwagika katika siku zake, sitawadanganya kwa maneno matamu. Lakini tazameni mlolongo wenyewe. Mgombea mwenye fedha hupita kwanza katika kura za maoni za chama, kwa wajumbe wanaojulikana kwa majina, na baadhi yao wako kwenye mabenchi yetu siku ya Bwana. Kama uamuzi wa kweli unafanyika pale, basi dhambi ya kweli inatendeka pale, na dhamiri inatakiwa pale. Mjumbe aliyepokea bahasha au kadi ya matibabu ya familia hawezi kusema hakuwa na nguvu.

Je, Kanisa nalo?

Mtu atauliza, na ana haki: “Padre, mbona Kanisa nalo lina hospitali?” Naam, linazo. Sengerema kwa miaka mingi imekuwa Hospitali Teule ya Wilaya mikononi mwa Kanisa. Bugando imewatibu watoto wetu. Zahanati za masista zimetapakaa toka Bugisi hadi Kahama. Tunapokea ruzuku ya serikali, watumishi wanaolipwa na serikali, na malipo ya NHIF. Kwa hiyo kipimo ninachowapimia wengine kitupime nasi.

Na kwa sehemu kinatupima. Kanoni ya 285 inamkataza kleri kushika wadhifa wa umma wenye mamlaka ya dola. Padre haruhusiwi kuomba kura kwa wale aliowapaka mafuta ya wagonjwa. Wengine huona katazo hilo kuwa kifungo. Mimi naliona kuwa uhuru wa mgonjwa: ninapoingia wodini na mafuta matakatifu, aliye kitandani anajua kwamba sitamrudia mwezi wa Oktoba. Lakini haitoshi. Hospitali zetu nazo hazina budi kuonyesha hesabu zake, kuchapisha bei ukutani, na kutomkaribisha mgombea yeyote apige picha kando ya kitanda cha mgonjwa, hata awe mfadhili aliyetujengea wodi. Hasa huyo.

Mnaikumbuka habari ya Gehazi, mtumishi wa Elisha. Naamani aliponywa ukoma akataka kulipa, nabii akakataa. Gehazi akaona hasara. Akakimbia nyuma ya gari, akaomba fedha na mavazi kwa jina la bwana wake, akayaficha nyumbani. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Gehazi hakumponya mtu, wala hakumdhuru mgonjwa. Kosa lake lilikuwa kurudi baadaye kudai malipo ya neema iliyotolewa bure. Mfano huo unatuhusu sisi wa Kanisa kabla ya kumhusu mgombea yeyote.

Tudai nini?

Sisemi mwenye hospitali asigombee. Katiba inampa haki hiyo, nami siwezi kuiondoa. Nasema tumwekee masharti, na tuyatamke mbele yake bila woga.

Kwanza, kabla ya kuomba kura aseme hadharani anamiliki nini: hospitali, maabara, maduka ya dawa, na zabuni zote alizo nazo na serikali, yeye, mwenzi wake na watoto wake. Tamko la siri halimsaidii mpiga kura.

Pili, aache uendeshaji wa biashara hiyo kwa muda wote atakaokuwa mbunge, asikae katika kamati ya Bunge inayosimamia afya, na atoke barazani linapojadiliwa jengo la afya jirani na lake.

Tatu, kambi za tiba za bure ziendelee, lakini bila picha yake, bila fulana zenye jina lake, na bila gari la wagonjwa lililopakwa rangi za chama. Kama ni upendo, utaendelea bila bango. Kama bango likiondolewa na kambi ikafungwa, tumekwisha kujua ilikuwa nini.

Nne, orodha za wagonjwa na namba zao za simu zisiguswe. Mgonjwa aliiacha namba yake mapokezi ili aitiwe majibu ya vipimo. Ujumbe wa kampeni ukimfikia kwa namba hiyo, siri ya daktari imevunjwa, na siri hiyo ni ya zamani kuliko vyama vyote.

Nasi tuna wajibu wetu. Mtu asiye na chochote siku ya ugonjwa hununuliwa kwa urahisi. Kila jumuiya iwe na mfuko wa wagonjwa, hata wa shilingi elfu moja kwa mwezi. Wenye uwezo wa kujiunga na bima wajiunge mapema kabla hawajaugua. Na kamati ya zahanati ya kijiji, ambayo wengi wetu hatujui hata wajumbe wake, ihojiwe juu ya dawa zilizopokelewa na zilizotoka. Jumuiya inayomchangia mjane wake gharama ya upasuaji inamwacha aingie chumba cha kupigia kura akiwa hana deni kwa mtu.

Wazee wetu waliiondoa mizani mikononi mwa mnunuzi wa pamba, na wengi wao hawakujua kusoma. Sisi tunaosoma tusiirudishe mikononi mwa muuzaji wa dawa.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kijiji au mtaa wetu, dawa zikikosekana zahanati ya serikali, nani hupata faida? Je, mtu huyo ana sauti katika maamuzi ya zahanati hiyo?

2. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu anayejiona amefungwa kumpa mgombea kura kwa sababu ya deni la matibabu? Tunaweza kumsaidiaje alilipe kwa njia nyingine?

3. Wajumbe wa vyama waliomo katika jumuiya yetu wako tayari kumwuliza mgombea maswali haya manne kabla ya kura za maoni?

Mungu Mwenyezi awabariki, awaponye wagonjwa wetu wote, na awape nguvu wanaowahudumia usiku na mchana bila kutafuta sifa. Juma jema.